Tulisoma Salamu Tu

Hivi wewe, ukijiwa na mtu mwenye habari nzito, humsikiliza umesimama, au hukaa chini kwanza?

Kwetu Mbuba tunakaa. Mwenye habari haimwagi mlangoni kama maji ya kuoshea vyombo. Atabisha hodi, atasalimia mkubwa kwanza na mdogo baadaye, atauliza mvua, atauliza mbuzi na miguu ya wazee. Hayo yote yakiisha ndipo atasema, "Mmekaa?" Ukilisikia neno hilo, hata kama ulikuwa umekaa, unashika kitu kilicho karibu. Mtu haulizwi kama amekaa ili aambiwe kwamba ndizi zimeiva.

Biashara yetu ni ndogo: maharage kwenda, dagaa kurudi. Maharage anayakusanya Kanyange kule Kasulo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde, na mengine tunayanunua hapa hapa Mbuba. Yakifika nyumbani, mimi ninayachambua kwenye mkeka, mawe huku, yaliyotobolewa na wadudu huku. Mjukuu wangu Danstan anayapakia kwenye pikapu na kuyapeleka Biharamulo, kwa Secilia, ambaye ana kibanda sokoni. Secilia anayauza, anampakilia dagaa, na Danstan anarudi nao. Mwenye akili ya kuyapanga yote hayo ni Jovitha, mke wa Danstan. Yeye ndiye huandika nani alete nini, na lini.

Pikapu niliinunua mimi. Niliuza shamba la migomba aliloniachia marehemu mume wangu, lile la bondeni, lenye udongo mweusi. Hakuna aliyenilazimisha. Siku tulipomwonyesha mnunuzi mipaka, Danstan alisimama kando, ameshika jani bichi la mgomba, analisugua kwa kidole gumba mpaka likachanika lote. Hakusema neno. Mimi nilimlea kijana huyo tangu mama yake alipofariki, nikadhani ninamjua akinyamaza. Nikasema moyoni, furaha imemjaa.

Barabara ya kwenda Biharamulo inapita msituni, na mtu wa huku hahitaji kuelezwa zaidi. Wazee wetu hawakutangaza safari. Mtu aliyekuwa anasafiri alfajiri alilala kama asiyekwenda popote, na akiulizwa njiani anakokwenda, alijibu, "Hapo mbele tu." Lakini biashara ya siku hizi haiendi hivyo. Secilia lazima ajue gari linafika lini ili awaite wateja, na Kanyange lazima ajue lini apeleke magunia barabarani. Tulikuwa na kundi la WhatsApp, na humo kila kitu kiliandikwa, mpaka na picha za magunia.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Biharamulo aliposimamishwa na majambazi msituni. Asubuhi ile alikuwa amebandika picha ya mzigo wake kwenye simu, watu wote waione. Waliomsimamisha walimwita kwa jina, wakajua gunia lipi lina nini. Alirudi hai, lakini hakurudi yule yule. Mpaka leo, wanasema, ukibisha hodi kwake anajificha nyuma ya kabati.

Tangu siku hiyo Jovitha hakulala vizuri. Akatuita wote, hata Kanyange akaja, tukakaa kwenye mkeka wa maharage mchana.

"Tunahama WhatsApp," Jovitha akasema. "Kila mtu anayo, kila mtu anarusha ujumbe kwa mwenzake. Safari ya mume wangu haitakuwa tangazo la mnada."

"Turudi kwenye meseji za kawaida," nikasema mimi. "Naweza kuzisoma mara ya pili, na mara ya tatu."

"Bibi, hizo zinakaa kwenye simu mwaka mzima. Mtu akiishika simu ya Danstan anazisoma zote."

"Mimi nataka ya kutuma sauti," Kanyange akasema. "Vidole hivi vimezoea jembe. Nikibonyeza herufi moja, nabonyeza na majirani zake."

"Sauti yako wewe haihitaji simu," Danstan akamwambia. "Panda tu kilimani ukohoe, Secilia atakusikia."

Tukacheka. Lakini Danstan hakucheka na sisi. Alichukua konzi ya maharage, akayaachia yadondoke moja moja mkekani, kisha akasema, "Wakinikamata huko porini, mnadhani watakaa kusoma meseji?"

Jovitha akamwangalia. "Kwa hiyo unataka tufanye nini?"

Danstan alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akanitazama mimi, akaufunga. "Chagueni nyinyi," akasema. "Mimi ni dereva tu."

Basi mimi na Jovitha tukapanda basi mpaka Kabanga, kwa kijana anayeitwa Ntwari. Ana duka dogo la kutengeneza simu, si mbali na wanapokaa wabadilisha fedha. Kijana safi, amevaa shati lililopigwa pasi, anatoa shikamoo kabla hujafika mlangoni. Jovitha akamweleza shida yetu yote: gari, msitu, yule mfanyabiashara, siku ambazo Danstan husafiri. Ntwari alisikiliza ameinamisha kichwa kama padri kwenye kitubio.

"Dada, mnachohitaji ni hiki," akasema, akatuonyesha kitu kwenye kioo cha simu. Alama yake ilikuwa jicho lililofumba. "Ujumbe ukishafunguliwa, unajifuta wenyewe. Hata mwizi akiiba simu, anakuta ukurasa mweupe."

"Unajifuta baada ya muda gani?" Jovitha akauliza.

"Unachagua. Mimi ningeweka mfupi kabisa. Usalama ni haraka."

"Na mtu asiyesoma haraka?" nikauliza.

Akanicheka kwa adabu. "Bibi, wewe si unasomewa na wajukuu?"

Mimi nimesoma shule ya msingi. Herufi nazijua zote, ila sizikimbizi. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa niliona uso wa Jovitha umeanza kulainika kwa mara ya kwanza tangu habari ile ya msituni. Ntwari akaweka muda mfupi kabisa. Halafu akaunganisha simu ya Jovitha na kompyuta yake pale mezani. "Ikikwama, nitaitengeneza nikiwa hapa hapa, msihangaike na nauli."

Tulimshukuru. Nilimwachia na kichana cha ndizi mbivu nilichokuwa nimebeba. Jovitha akawaelekeza Danstan na Secilia nao wakiweke kitu hicho kwenye simu zao.

Safari ile ndiyo iliyonivimbisha mguu wa kulia, kuanzia kifundoni. Jovitha alimwandikia Danstan, aliyekuwa njiani na mzigo, kwenye kile chenye jicho: Bibi mguu umevimba, tafuta dawa ya kuchua huko Biharamulo. Danstan akajibu, sawa. Yakafutika, ya kwenda na ya kurudi. Jovitha akanionyesha ukurasa mweupe akitabasamu. "Umeona, Bibi? Kama hatukuwahi kusema."

Neno hilo halikunipendeza. Nilikaa nalo usiku kucha, na asubuhi lilikuwa bado lipo.

Siku ya pili yake Danstan alitakiwa kurudi mchana. Jovitha alikwenda kilima cha pili kupokea magunia, akaniachia simu yake ikichajiwa kwenye betri ya sola. "Ikilia, Bibi, ifungue usome, halafu uniite. Nitakusikia."

Ikalia. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la maharage. Nikanawa, nikajifuta kwa kanga, nikavaa miwani, nikalifungua lile jicho. Ujumbe ulikuwa wa Secilia, na ulikuwa mrefu. Nikaweka kidole chini ya mstari wa kwanza bila kugusa kioo, kama nilivyofundishwa darasani.

*Shikamoo Bibi, najua mchana simu unayo wewe. Jovitha, habari za kazi. Sisi huku hatujambo. Mvua ya jana iliangusha vibanda sokoni lakini changu kimepona. Watoto wanawasalimu. Kanyange naye mpeni salamu, mwambieni maharage yake yamesifiwa. Sasa Bibi, mmekaa? Ni kuhusu Danstan.*

Kidole kilikuwa kwenye jina lake, na chini yake niliona mistari mingine mingi, imejaa maneno. Herufi zikapauka. Nikadhani ni macho yangu, nikaifuta miwani. Nilipoivaa tena ukurasa ulikuwa mweupe.

Sikupiga kelele. Nilikaa. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa tena.

Kisha nikachukua simu yangu ya vitufe, nikampigia Danstan. Haipatikani. Nikapiga tena, nikarudia mpaka yule mwanamke wa kwenye simu nikamchukia. Nikatoka mlangoni nikamwita Jovitha kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.

Alikuja mbio, gunia tupu begani.

"Kaa chini kwanza," nikamwambia.

Akaniangalia. Gunia likaanguka. "Sikai, Bibi. Nikikaa nitakuwa nimekubali. Sema nikiwa nimesimama."

Nikamwambia yote niliyosoma, salamu moja moja, mpaka pale pa Danstan. Akaichukua simu, akaitikisa, akaigeuza, kana kwamba maneno yangedondoka. Akampigia Secilia. Haipatikani. Tulikuja kujua baadaye kwamba umeme ulikuwa umekatika Biharamulo tangu alfajiri, na simu ya Secilia ilizimika muda mfupi baada ya kuutuma ule ujumbe. Wakati ule hatukujua. Tulijua tu kwamba mtu ameandika "mmekaa" halafu amenyamaza.

"Jirani yake pale sokoni," nikasema. "Yule wa sabuni."

"Namba yake ilikuwa kwenye kundi la zamani," Jovitha akasema polepole. "Kundi nimelifuta."

Akampigia Ntwari, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Kaka Ntwari, kuna ujumbe umekuja kutoka Biharamulo, umefutika kabla hatujaumaliza. Urudishe. Nakuomba, urudishe."

"Aah, dada," Ntwari akasema, na sauti yake ilikuwa laini kama siku ile. "Uliofutika umefutika. Hata mimi siwezi. Lakini huyo Secilia si angepiga simu tu?"

Jovitha akaishusha simu. Alinitazama mimi. Hakuwa amemtaja Secilia, wala siku ile Kabanga hakumtaja. Alisema tu Biharamulo.

"Nani amekuambia jina hilo?" akauliza.

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa.

Sasa fikiria: nyumba yako inaungua, na katikati ya moshi unamwona nyoka kwenye boriti. Utafanya nini? Utamwacha nyoka, utaokoa mtu. Nasi tulimwacha nyoka kwenye boriti. Lakini sote wawili tulikuwa tumemwona.

Jirani yetu Nyirabahizi alikuwa amenisikia nikiita. Alikuja, akatuona nyuso zetu, hakuuliza kitu. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja. Mimi najua uwanja hufagiwa hivyo lini, kuanzia mlangoni kwenda nje, bila kuimba. Nilitaka kumwambia aache. Mwanamke mwingine akaleta kuni, akaziweka chini taratibu zisigongane. Wanaume wakaanza kurudi kutoka mashambani kabla ya saa yao, majembe begani, wakayalaza kwenye nyasi nje ya ua. Kwetu jembe halilimi siku ya msiba. Kanyange akafika kutoka Kasulo kwa bodaboda, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakucheka, akaja akakaa karibu nami akaushika mguu wangu uliovimba.

Hakuna aliyekuwa ametamka kifo. Kilijipangia chenyewe nafasi, kikakaa.

Jovitha peke yake alibaki amesimama. Watu walimsihi. "Mama, kaa." Alitikisa kichwa. Alisimama kwenye nguzo ya mlango, jua likamzunguka mpaka kivuli chake kikaingia ndani ya nyumba.

Jua lilipokuwa limeelekea kuzama, tukasikia pikipiki ya bodaboda. Watu waligeuka wote. Pikipiki haikuingia, ilisimama nje ya ua, mahali majembe yalipolazwa, na mtu akashuka. Alisimama pale akiyaangalia majembe. Kisha akaingia, mkoba mdogo mkononi, uso umepauka vumbi.

"Nani amekufa?" akauliza Danstan.

Nyirabahizi akauachia ufagio. "Wewe," akasema. "Na umechelewa."

Jovitha ndipo alipokaa. Alikaa pale pale chini ya nguzo. Danstan akamkimbilia, watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, Kanyange akalia kwa nguvu kuliko mfiwa yeyote. Wengine wakacheka kicheko cha aibu, wakaenda kuchukua majembe yao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiangalia nje ya ua: pikapu haikuwepo.

"Gari liko wapi?" nikamuuliza, watu walipopungua.

"Kwa Secilia." Alinitazama kama mtoto anayengoja kiboko. "Kwani hakuwaandikia?"

"Aliandika."

"Basi mkasema nini, Bibi? Secilia aliona umesomwa, akangoja jibu, simu ikazimika. Nami nikajua mmekasirika. Njia nzima nimekuja nikijua mmekasirika."

"Tulisoma salamu tu," nikamwambia. "Yaliyobaki yamefutika."

Danstan akachuchumaa. Alitoa kwenye mkoba chupa ya dawa ya kuchua, akaiweka miguuni pangu.

"Kuna mtu," akaanza. "Kwenye kona moja katikati ya msitu. Ana pikipiki. Mara ya kwanza aliinua mkono, nikadhani ananisalimu. Mara ya pili akainua tena, mahali pale pale. Safari hii, wakati wa kwenda, nilipunguza mwendo kwa ajili ya mashimo, akasogea mpaka dirishani. Akacheka. Akasema, Danstan, vipi, Bibi yako mguu umepungua?"

Jovitha akainua kichwa.

"Nikamwambia sikujui. Akasema, mimi nakujua. Ukirudi na dagaa utapita saa ngapi? Halafu akarudi kwenye pikipiki yake, bila haraka, kama mtu anayejua nitapita tena."

"Mguu," Jovitha akasema. "Mguu niliuandika kwenye hii. Niliandika kwako wewe tu, na ukafutika."

"Ukafutika kwetu," nikasema.

Tukatazamana watatu. Hakuna aliyelitaja jina la kijana wa Kabanga, yule mwenye shati la pasi, ambaye kompyuta yake mezani ilikuwa imefumbua jicho muda wote ambao letu lilikuwa limefumba. Mchana kutwa alijua Danstan yu hai. Ujumbe wa Secilia aliusoma mpaka mwisho. Angesema neno moja tu, uwanja wangu usingefagiwa. Lakini kulisema kungemfichua, basi akatuacha tuomboleze.

"Ndiyo maana nilizima simu," Danstan akasema. "Niliogopa simu kuliko yule mtu. Nikapanda basi, nikakaa katikati ya watu. Tulipofika kwenye kona ile alikuwepo. Aliangalia basi likipita, akarudi kuangalia barabara, bado hajaambiwa kwamba gari nimeliacha. Alikuwa ananingoja mimi."

Nikamwacha apumue. Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye pembe za uwanja. Kisha nikamuuliza, "Hayo ndiyo aliyoandika Secilia?"

Akaisogeza ile chupa ya dawa karibu zaidi na mguu wangu.

"Ya yule mtu ungeweza kuniambia mwenyewe ukifika, Danstan. Mtu hatumi mwingine aseme 'mmekaa' kwa habari ya mtu wa barabarani. Secilia ulimtuma neno jingine."

Alianza kueleza gari. Kwamba liko salama, liko nyuma ya ghala, Secilia ana binamu anayelitaka. Kwamba tairi za nyuma bado nzuri. Alizungukazunguka, kama Secilia alivyozunguka kwenye salamu, na mimi nikamwacha azunguke, subira ninayo.

Simu ya Jovitha, iliyokuwa kwenye ungo katikati ya maharage, ikawaka. Lile jicho lililofumba likaonekana kwenye kioo, na ujumbe chini yake ukingoja kufunguliwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Jovitha akaugeuza ungo mwingine akaifunika. Mwanga ukaonekana bado, mwembamba, kwenye matundu ya ungo.

"Nimekaa tangu mchana, mjukuu wangu," nikasema. "Sema."

Danstan akapiga goti mbele yangu, akashika udongo wa uwanja uliofagiwa, akausugua kwa kidole gumba kama alivyolisugua lile jani.

"Sitaki barabara, Bibi," akasema. "Sikuitaka hata siku ile ulipouza migomba. Nilitaka kulima."